Katarakte imetoka, glokome imebaki: dawa isikatwe

Mu kazi yetu ya udelege, kuko karatasi moja yenye inarudi mbele yetu mara mingi. Ni karatasi ya vizite ya kazi, na pembeni ya neno «macho» wameandika: «opéré, apte». Maneno mawili tu. Mufanyakazi anafurahi, mukubwa wa kazi anafurahi, servisi ya wafanyakazi inafunga dosie. Kwa mutu mwenye alikuwa na katarakte tu, hatuna la kusema. Alipasuliwa, anaona, arudi ku kazi. Lakini kati yao kuko wenye waliingia ku lopitali na magonjwa mawili mu jicho moja, katarakte na glokome. Walitolewa moja. La pili wametoka nalo, na karatasi haiisemi tena.

Juu ya hao njo tunaandika leo. Tunasema na makampuni, tunasema na sendika zote, na zaidi tunasema na bamama na watoto ku nyumba, juu wao njo wanaona wa kwanza wakati baba anaanza kugonga mulango na bega, ao kumwanga kikombe cha chai chenye kilikuwa pembeni yake.

Tutenganishe kwanza magonjwa haya, maana ku kazi watu wanasema «mambo ya macho» na wanayatia yote mu gunia moja.

Katarakte, wengine wanaiita mtoto wa jicho, ni kioo kidogo cha ndani ya jicho chenye kinapoteza mwangaza wake. Miaka ikienda, kinakuwa kama parabrise ya kamyo mu musimu wa vumbi: njia iko, lakini unaiona mu ukungu. Munganga anafungua kidogo, anatoa kile kioo cha zamani, anaweka kingine chenye kimetengenezwa na watu. Muzee mwenye alikuwa anaongozwa na mujukuu kwa mukono anaanza kutambua sura za watu siku mbili tatu nyuma ya kupasuliwa. Ni upasuaji wa baraka, na hatutaki hata mutu mumoja asome maneno yetu na aogope kuufanya.

Glokome ni kitu kingine kabisa. Yenyewe inaharibu mushipa wenye unabeba picha kutoka jicho mpaka ku ubongo. Sisi watu wa mine tunaweza kuielewa haraka, juu tunajua exhaure. Ndani ya jicho kuko maji yenye yanatengenezwa muchana na usiku, na yanapaswa kutoka kwa chujio ndogo pembeni, pale rangi ya jicho inakutana na sehemu nyeupe. Chujio ikiziba, maji yanaendelea kuja lakini hayatoki vizuri. Tansio inapanda, inafinya ule mushipa, na nyuzi zake zinakufa kidogo kidogo. Watu wa Kipushi wanakumbuka mwaka 2011, wakati pompe ziliharibika na maji yakapanda mu galeri. Nyuma yake walifunga pompe zingine, maji yakashuka, mine ikafunguliwa tena. Kwa jicho, paka hapo njo tofauti inaingia: nyuzi zenye zilikufa hazirudi, hata ukishusha maji namna gani. Munganga anashusha tansio kwa kuokoa zile zenye zimebaki.

Tansio hiyo inapimwa na mashine, na namba yake inaandikwa mu milimita za zebaki. Kwa watu wengi iko kati ya 10 na 21. Haiko tansio ya damu, ile wanapima na mukaba ku mukono. Mutu anaweza kuwa na 12 juu ya 8 ku mukono, na jicho lake liko ku 30. Tena kuko watu wenye jicho lao liko ku 18, namba nzuri, na mushipa unaendelea kuharibika. Njo maana munganga mwenye anafanya kazi yake vizuri hapimi namba peke yake, anatazama na taa mupaka nyuma ya jicho, aone mushipa wenyewe uko namna gani.

Ubaya mukubwa wa glokome ni kwamba kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wetu haiumi. Inaanzia pembeni. Katikati unaona sawasawa, unasoma SMS, unasoma ubao wa herufi wa munganga mupaka musitari wa mwisho. Pembeni giza inakula. Na jicho moja linasaidia lingine, hivi mutu hajui. Mu nchi za watu weusi aina hii inakuja mapema zaidi na inaharibu kwa nguvu zaidi kuliko kwa wazungu; watafiti walishaona hivyo mu visiwa vya Barbados na mu Marekani. Mufanyakazi wa miaka arubaini haiko kijana kwa glokome.

Sasa tuingie mu maneno yenye yanatembea. Ku vestiaire, ku kantini, hata mu ofisi za watu wenye walisoma, wanasema: «Ukitoa katarakte, na tansio ya macho inatoka.» Tungeweza kusema ni bongo tupu, lakini hatutasema hivyo, juu haiko bongo yote. Kuko kipande cha kweli ndani, na hicho kipande njo kinadanganya watu.

Kweli yake ni hii. Kile kioo cha ndani, mutu akizeeka, kinanenepa. Kikinenepa kinasukuma mbele, na kinafinya njia yenye maji inapita kwenda ku chujio. Kukitoa na kuweka kingine chembamba ni sawa na kuondoa jiwe kubwa lenye lilianguka mu galeri karibu na mufereji: njia inafunguka, maji yanapita. Kwa wale wenye glokome yao inatoka hapo, ya njia nyembamba, kupasuliwa kunasaidia sana. Uchunguzi mukubwa wenye ulitangazwa mwaka 2016, wenye ulikamata wagonjwa 419 wa miaka 50 na zaidi mu lopitali za nchi tano, ulionyesha kwamba kwa watu wa namna hiyo, kutoa kioo mapema kulishinda matibabu ya kawaida ya kuanza na laser: tansio ilikuwa chini kidogo zaidi, na watu wengi zaidi hawakuhitaji tena matone.

Lakini kwa wengi wetu glokome haiko ya njia nyembamba. Njia iko wazi, chujio yenyewe njo imechoka. Hapo, uondoe jiwe, mufereji unabaki na matope. Tansio inashuka kidogo. Mu Marekani walifuata kwa miaka mingi watu wenye tansio ya juu lakini mushipa wao haujaharibika na hawakuwa wanaweka dawa. Wale wenye walipasuliwa katarakte, tansio yao ilitoka ku 23,9 ikafika ku 19,8. Hesabu hiyo ilitangazwa mwaka 2012. Ni pointi ine hivi. Kwa mutu mwenye alikuwa ku 24 na mushipa muzima, pointi ine ni zawadi. Kwa mutu mwenye yuko ku 32 na nusu ya mushipa imeshakufa, pointi ine hazitoshi. Munganga anaweza kutafuta kumushusha mupaka ku 15 ao chini yake. Na kwa mutu mwenye dawa zilishamushusha, mara mingi kushuka kwa upasuaji kunakuwa kudogo zaidi. Tena hakukai milele kwa kila mutu. Miaka ikipita, tansio inaweza kupanda pole pole tena.

Kwa hiyo mugonjwa wa glokome mwenye amepasuliwa katarakte anabaki mugonjwa wa glokome. Pengine munganga atapunguza dawa kutoka mbili mupaka moja. Pengine atasema tuache kwanza tuone. Hiyo ni kazi ya munganga wa macho, na ataifanya na namba mukononi, nyuma ya kupima mara kadhaa mu miezi yenye inafuata. Haiko kazi ya mutu wa ofisi mwenye anatia stampu ku bon ya dawa.

Na paka hapo njo kuko malalamiko yetu. Tulifuata mambo ya shofere mumoja wa kamyo ya minerai, kampuni tunaacha jina lake. Alikuwa na glokome ya macho mawili, anaweka matone asubuhi na mangaribi, kampuni inalipa. Katarakte ikafika. Akapasuliwa jicho la kuume, vizuri, nyuma yake la kushoto, vizuri. Vizite ikasema «apte». Mwezi wenye ulifuata alipeleka bon yake ku farmasi, wakamurudisha: dosie imefungwa, wewe ulipasuliwa. Yeye mwenyewe hakupiga kelele, juu alikuwa anaona vizuri kuliko miaka mitano ya nyuma, na aliamini kwamba amepona. Nani hangeamini? Alikaa mwaka muzima bila tone hata moja. Alirudi kwa munganga juu aligonga taa za pembeni mara mbili ndani ya juma moja mu parking. Herufi za ubao alizisoma zote. Pembeni, ku jicho la kushoto, hakukubaki kitu. Sasa kampuni inauliza kama tunaweza kupatana juu ya kumuondoa.

Tunataka wasomaji waangalie namna makosa haya yanatengenezwa, juu hakuna mutu mubaya ndani. Ubao wa herufi unapima katikati ya jicho. Katarakte inaharibu katikati, upasuaji unarudisha katikati. Glokome inakula pembeni, na pembeni hakuna mutu anapima. Hivi upasuaji wenye ulifaulu unakuwa kama rangi mupya juu ya ukuta wenye unaoza. Kila mutu anaona rangi.

Mu mine, pembeni njo maisha. Chargeuse inarudi nyuma kutoka pembeni. Jiwe linaanguka kutoka pembeni. Muwenzako anakupigia ishara na taa ya kofia kutoka pembeni. Mutu wa ofisi anaweza kuishi miaka mingi na macho yenye yanaona kama mu bomba; mutu wa galeri hapana.

Tuseme pia juu ya siku zenyewe za kupasuliwa, juu mugonjwa wa glokome hapite mule sawa na wengine. Usiku wa kwanza tansio inaweza kuruka juu, hata kama upasuaji ulikuwa muzuri. Kuko dawa nzito kama jeli yenye munganga anatumia kulinda jicho wakati anafanya kazi. Mabaki yake yanaweza kuziba chujio kwa saa kadhaa. Jicho lenye mushipa muzima linavumilia. Mushipa wenye umebaki na nyuzi kidogo unaweza kupata hasara. Kwa hiyo mugonjwa wa glokome anapaswa kupimwa tansio saa chache nyuma ya upasuaji ao kesho yake asubuhi, na akisikia maumivu makali, kutapika, ao kuona kukishuka, asingoje randevu. Ukipasuliwa mu kampeni ya bure, ile ya siku tatu wanganga wanarudi kwao, uliza mbele ya kulala ku meza: nani atanipima tansio kesho, na nani mwezi ujao? Kama hakuna jibu, bora utafute pahali pengine, hata kama inakuomba kungoja.

Nyuma yake wanakupa matone ya kupunguza uvimbe, yenye ndani yake kuko kortizone: deksametazone, prednizolone. Ni ya lazima, uyaweke kama walivyokuambia. Lakini haya matone yanaweza kupandisha tansio ya jicho, na watu wa glokome njo wanapandishiwa kuliko wengine, mara mingi nyuma ya juma mbili tatu. Munganga atakupa tarehe ya kuacha: acha tarehe hiyo. Hatari kubwa tunaiona ku soko. Chupa ya deksametazone inauzwa kama peremende, vumbi ikiingia mu jicho mutu ananunua, jicho linaacha kuwasha, anaendelea miezi. Mama anamuwekea mutoto, muchimbaji anamupatia muwenzake mu shimo. Mutu anaweza kujitengenezea glokome na chupa hiyo, na katarakte juu yake.

Na kwa sababu tunasema na watu wenye mapafu yao yanajua vumbi: kuko dawa ya matone ya glokome yenye inaitwa timolol, ya bei ndogo, yenye inapatikana mingi kwetu. Inashusha tansio vizuri. Lakini tone likiingia mu damu linaweza kufunga mapafu ya mutu wa asima, ao kupunguza mupigo wa moyo wenye tayari uko pole. Mufanyakazi mwenye anapumua kwa shida, mwenye walishamuambia ana ugonjwa wa mapafu, amuambie munganga wa macho bila kuulizwa. Munganga wa macho anatazama macho, hatajua kifua chako kama hufungue mudomo. Kuko dawa zingine: latanoprost, yenye inawekwa mara moja mangaribi, ao dorzolamide. Zinakuwa na bei zaidi, na njo maana bon isiandikwe tu «collyre» na mutu apewe yenye iko ku rayon.

Namna ya kuweka, tuseme kwa haraka. Tone moja linatosha. Funga jicho, finya na kidole pembe ya karibu na pua dakika moja ao mbili, hivi dawa inabaki mu jicho na haishuki mu koo. Kama uko na dawa mbili, ngoja dakika tano katikati. Chupa nyingi zikifunguliwa zinatumika juma ine, nyuma yake unanunua ingine hata kama imebaki.

Kuko pia macho yenye yaliumia ku kazi, na hapa dosie inabadilika. Mutu mwenye alipigwa na jiwe ao na kamba ya chuma mu jicho anaweza kuona vizuri miaka kumi, nyuma yake tansio ikapanda, juu chujio iliharibika siku ile. Pigo lilelile linaweza kuleta katarakte. Kipande kidogo cha chuma kikibaki ndani ya jicho kinatoa kutu, kinaleta katarakte na kinaweza kupandisha tansio. Kipande cha shaba nacho kinaharibu jicho kwa namna yake. Chaux yenye tunatumia mu usine, ikiingia mu jicho, inaunguza mupaka ndani zaidi kuliko asidi, na tansio inaweza kupanda nyuma yake (hapo maji mingi, mara moja, mbele ya kukimbilia dispanseri). Kwa hao wote, hata kama wanapasuliwa katarakte miaka mingi nyuma, tunaomba munganga aandike jicho liliumia siku gani. Bila karatasi ya aksida, kampuni itasema ni uzee.

Sheria inasema nini? Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamulazimisha mwenye kutoa kazi kutunza mufanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa, mupaka mwisho wa kontra. Haisemi atunze ugonjwa wenye unakatwa na kisu na aache wenye unaomba matone. Mutu wa sukari hakuna mwenye anamuambia «tulikutibu mwaka jana, inatosha». Glokome iko vile vile, ugonjwa wa maisha yote. Kama mu convention collective ya kampuni yenu kuko liste ya magonjwa ya kudumu, angalieni kama glokome imeandikwa kwa jina lake. Kama haiko, badelege waipeleke mu mazungumzo yenye yanafuata. Sisi tutaipeleka.

Na tutapeleka maneno mengine pamoja nayo. Kwamba mufanyakazi wa miaka 40 na zaidi, ku vizite ya mwaka, apimwe tansio ya macho na atazamwe mushipa, hapana kusoma herufi peke yake. Na mwenye ana baba, mama ao ndugu wa tumbo moja mwenye glokome aanze mbele, juu ugonjwa huu unatembea mu jamaa. Kwamba mutu mwenye glokome asiandikwe «apte» nyuma ya katarakte mupaka apimwe na pembeni ya macho, kwa mashine yenye inafanya kazi hiyo. Kwamba mwenye pembeni yake imekufa apewe kazi ingine ndani ya kampuni. Tunajua jibu la hili la mwisho: hakuna nafasi. Tutazungumza na liste ya nafasi mu mukono. Watu wa sous-traitance njo wanatuumiza kichwa zaidi, juu kontra yao ni ya miezi, na glokome haihesabu miezi. Hapo tunataka kampuni kubwa, yenye shimo ni lake, ichukue mzigo wa vizite ya macho kwa kila mutu mwenye anapita ku mulango wake.

Watatuambia ni bei. Basi tuonyeshe bei ingine. Ku Moshi, mu Tanzania, ku lopitali ya KCMC, walifananisha matone ya timolol na laser moja yenye inafungua chujio bila kisu. Walikamata wagonjwa 201 wenye glokome ya juu. Mu matokeo yenye yalitangazwa mwaka 2021, nyuma ya mwaka moja laser ilikuwa imefaulu ku macho 61 juu ya 100, na timolol ku 31 juu ya 100. Ni Waafrika kama sisi, mu lopitali ya Afrika, kwa mwendo wenye mutu anaweza kufikiri. Laser nayo haimalizi glokome, nguvu yake inaweza kupungua na wanaweza kuirudilia. Lakini makampuni yenye yananunua kamyo ya tani mia moja yanaweza kukaa pamoja, matatu ao mane, na kuweka mashine hiyo mu muji moja wa mine, na mutu wa kuitumia. Hatuombi mwezi.

Kwa wenye wameshapangiwa kupasuliwa, mbele ya tarehe muulize munganga maneno haya, na muandike majibu: glokome yangu ni ya njia wazi ao ya njia nyembamba? Mushipa umebaki kiasi gani, na nikitoa katarakte nitaona nini? Hili la pili ni la muhimu sana. Kama mushipa umeshakufa, kioo kipya hakitaleta kitu, na jamaa isiuze shamba kwa tumaini lenye haliko. Na kama mulishafanyiwa zamani upasuaji wa glokome, ule wa kufungulia maji njia mupya, semeni: kupasua katarakte nyuma yake kunaweza kudhoofisha ile njia, na munganga atafuata tansio karibu zaidi. Kuko wenye wanafanyiwa yote mawili siku moja. Munganga akisema hivyo, hakuibii.

Kwa wazee wetu wenye hawana tena kontra, tunasema na uchungu. Watu zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines mu départs volontaires ya 2003 na 2004. Wenye wako hai wamefika sasa mu umri wa katarakte na wa glokome, yote mawili, na hakuna bon ya dawa. Watoto wao wengi wanafanya kazi mu makampuni mapya. Mu mapatano mengi, «jamaa» ni bibi na watoto. Tutaomba baba na mama wa mufanyakazi waingie, hata kama ni kwa macho tu kwanza.

Wakati hayo yanangojewa, kila mufanyakazi mwenye alipasuliwa katarakte na alikuwa anaweka matone ya glokome mbele yake, atafute karatasi zake. Tunahitaji namba ya tansio ya mbele ya upasuaji, namba ya nyuma, tarehe ya kila moja, na tarehe dawa ilikatwa kama ilikatwa. Mupeleke fotokopi kwa delege wa ekipe yenu mbele ya mwisho wa mwezi, na karatasi ya asili ibaki ku nyumba. Mwenye hana namba ya nyuma, aende kupimwa juma hili, asingoje sendika.